Je, umeridhika na huduma? Bonyeza 1

Najua nimeadimika, mnisamehe. Testi mbili na asainmenti tatu zimeniangukia wiki moja, halafu baridi ya Iringa nayo haimuonei mtu huruma. Leo Mkwawa kumetulia, rumeti wangu kaenda kusali, nimejifunika blanketi nikasema ngoja nimwage hili lililonikaa rohoni tangu Jumatano.

Jumatano nililipia kitu fulani cha serikali kwa simu. Sitaitaja ofisi. Nikabonyeza, nikaingiza namba, nikaweka neno la siri, dakika mbili kazi imekwisha. Kabla sijarudisha simu mfukoni ikaingia meseji: Je, umeridhika na huduma? Jibu 1 kwa NDIYO, 2 kwa HAPANA. Nikajibu 1 bila hata kufikiri, nikaendelea na safari yangu ya kantini.

Usiku ndipo nikamkumbuka Bibi. Nikajiuliza, hivi Bibi angebonyeza ngapi?

Mnajua mimi nasomea ualimu, masomo yangu ni Historia na Kiswahili. Ugonjwa wa watu wa Historia ni mmoja tu: kila kitu tunauliza kilianzaje. Basi nikaanza kurudi nyuma, tangu serikali ilipoanza kuongea na mwananchi kwa chombo badala ya mtu, na mwananchi aliridhika wakati gani. Karibuni tuzungumze.

Mwanzo kabisa haikuwa simu. Ilikuwa redio. Mwaka 1973 serikali ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya, wiki 12, nchi nzima. Wazee wetu wanaikumbuka vizuri, muulize babu yako. Walioshiriki walikuwa watu wapatao milioni 2. Sasa ukifikiria, redio ni chombo cha upande mmoja. Inasema, wewe unasikiliza, huwezi kuijibu. Lakini Mtu ni Afya haikumwacha mtu peke yake na redio. Watu walikaa vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu, wakajadili, halafu wakaamua: sisi kijijini kwetu tunaanza na kuchimba vyoo, au kufukia madimbwi. Kama hukuelewa, kulikuwa na mtu mbele yako wa kumuuliza. Shikeni hapo, nitarudi.

Simu yenyewe wakati huo ilikuwa kitu cha wakubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na mashirika yake, na kwetu likawepo lile tulilolijua kwa jina la Posta na Simu. Kupata laini ya nyumbani ilikuwa kuomba na kusubiri, miaka inapita. Vijijini ilibaki simu ya upepo ya polisi au ya misheni. Shida ya serikali ulikwenda nayo mwenyewe kwa miguu yako, ukakaa kwenye benchi, ukaambiwa mhusika hayupo, njoo kesho. Hilo "njoo kesho" ndilo lililokuwa kipimo cha huduma nchi hii.

Sheria za mwaka 1993 zikaligawa Posta na Simu: posta kivyake, TTCL kivyake, na msimamizi wa mawasiliano kivyake. Katikati ya miaka ya tisini simu za mkononi zikaingia. Vodacom wakaanza mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Simu ikawa ya kila mtu, enzi za kubip na vocha za kukwangua. Na serikali nayo ikaiona simu.

Hapa ndipo historia inaponoga, maana kuna miradi miwili ya karibu wakati mmoja ambayo kila anayeandika habari hizi angeiweka mezani pamoja.

Wa kwanza ni SMS for Life, ulioanza kwa majaribio mwaka 2009 chini ya Wizara ya Afya na washirika wake, katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Shida ilikuwa dawa za malaria. Zahanati inaishiwa dawa, wilayani hawajui, mtoto anakuja na homa anarudishwa mikono mitupu. Wakachukua vituo vya afya 129. Kila wiki mhudumu anapata meseji ya kuuliza dawa iliyobaki, anajibu kwa meseji isiyomkata hata senti, na akijibu kwa wakati anapewa muda wa maongezi kidogo. Wilayani wanaona kituo gani kimeishiwa na kipi kina ziada, wanahamisha. Mwanzoni vituo vilivyokosa kabisa aina moja au zaidi ya dawa hizo vilikuwa asilimia 78. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Na wahudumu walijibu kwa wastani wa asilimia 95. Jamani, asilimia 95! Hata sisi kwenye group la darasa hatufikii huko.

Wa pili ni Maji Matone, wa shirika la Daraja lililokuwa Njombe. Huu haukuwa wa serikali, lakini ulikuwa daraja kweli kati ya mwananchi na idara ya maji. Bomba likiharibika, tuma meseji, ujumbe unapelekwa kwa mhandisi wa maji wa wilaya na kwenye redio. Wazo zuri, hata ukiniambia leo nitapiga makofi. Walilenga meseji 3,000. Zikaja 53. Mwaka 2011 wakaufunga, na cha kusifu ni kwamba wenyewe walisema wazi kuwa umeshindwa na kwa nini.

Sababu zake ndizo zilizonifanya niache kulala. Mtandao ulikuwa haba vijijini, sawa. Lakini pia mchota maji ni mama na watoto, na mwenye simu ni baba. Anayejua bomba limekufa hana simu, mwenye simu hajui umbali wa kwenda mtoni. Halafu kuna woga, nani ataonekana mchongezi wa viongozi? Na kubwa kuliko zote, watu hawakuamini kwamba wakituma meseji kuna kitu kitatokea. Walishalalamika miaka mingi kwa midomo yao, bila jibu. Meseji ingebadilisha nini?

Sasa linganisheni. Nchi moja, simu zilezile za kiswaswadu, karibu miaka ileile. Huku mhudumu akituma meseji anaona dawa zinakuja. Kule mwananchi anaona meseji imekwenda na imekwenda moja kwa moja. Huwezi kuniambia tofauti ni teknolojia.

Miaka hiyo mambo yakaenda kasi. M-Pesa ikaingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na haikuchukua muda watu wakaanza kununua LUKU kwa simu. Hapo nakiri bila kuzunguka: tumeridhika. Nani anataka kurudi kutafuta dirisha la umeme usiku? Mwaka 2012 ikaanzishwa Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo sheria ya mwaka 2019 iliifanya kuwa Mamlaka, na ndiyo yenye ile *152*00# mnayoijua. Mwaka huohuo 2012 Wizara ya Afya na wenzake wakaja na Wazazi Nipendeni, mama mjamzito anatuma neno MTOTO kwenda 15001, anapata ushauri bure. Julai 2017 ukaja mfumo wa malipo wa serikali wenye namba ya kumbukumbu, ile mtaani tunayoiita kontroo namba. Waliotutangulia chuo wanasimulia habari za kupanga foleni benki, upewe karatasi, uipeleke ofisini ukapewe stakabadhi, karatasi ikipotea umelia. Sisi tumelipa tukiwa tumelala kitandani.

Rumeti wangu alinikatisha hapa juzi nilipokuwa namsimulia. Akasema, "Mshkaji acha kulalamika. Mzee wangu alikuwa analala mjini siku mbili kufuata karatasi moja, nauli na chakula juu yake. Leo namfanyia mimi nikiwa hapahapa."

Ana hoja, tena kubwa, na siibezi. Lakini hebu sikilizeni alivyosema: namfanyia mimi.

Maana hata mimi nimekuwa karani. Nikiwa sekondari, kila likizo nikifika kwa Bibi kule Ludewa, majirani wanajipanga. Huyu anataka namba yake ya kitambulisho cha taifa, huyu anataka matokeo ya mwanawe, huyu kaletewa meseji haelewi inasema nini. Nabonyeza mimi, naingiza majina ya baba na mama zao mimi. Malipo yangu boga, au mahindi mawili ya kuchoma. Na mfumo ukiuliza umeridhika, nani alijibu? Mimi! Kwa hiyo kama kuna ripoti mahali inasema wananchi wa kijiji kile wameridhika, wadau, kijiji kizima ni kidole changu.

Desemba 2019 kidole changu kikashindwa kusaidia.

Usajili wa laini wenyewe ulianza mwaka 2009, ukaandika jina tu na kitambulisho chochote. Lakini Mei 2019 ulianza usajili wa alama za vidole, pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa. Mwisho ukawekwa tarehe 31 Desemba, Rais Magufuli akaongeza siku 20, ikawa tarehe 20 Januari 2020. Sababu zilielezwa na zinaeleweka, matapeli walikuwa wametuchosha. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha tatu. Namba ya Bibi niliipata kwa simu, *152*00#, nikaiandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Nikajiona mtu wa maana sana.

Tukaenda mjini alfajiri. Foleni kama ya mahindi ya msaada. Zamu yetu ilipofika kijana wa usajili akamwambia Bibi aweke kidole. Haikusoma. Akamfuta kwa kitambaa, akampaka mafuta, kidole gumba, cha shahada, vyote kumi. Haikusoma.

"Mume wangu, hiyo mashine inasemaje?" Bibi akaniuliza.

"Inasema haikutambui, Bibi."

Akavitazama vidole vyake, akacheka kidogo. "Haya. Basi vimeishia shambani."

Kijana hakuwa mbaya, naomba nimtendee haki. Alikuwa na foleni ya watu nyuma yetu na mashine isiyo na kitufe cha bibi aliyelima miaka hamsini. Akasema tupige simu huduma kwa wateja. Tukapiga. Bonyeza 1, bonyeza 3, muziki. Muziki tena. Vocha ikaisha. Tukaenda ofisi moja tukaambiwa tatizo ni la kule tulikotoka, na kule tulikotoka walishasema tatizo ni la ofisi. Tukarudi nyumbani na basi la jioni.

Mwishoni mwa Januari laini ya Bibi ikazimika. Mwezi wa pili mdogo wake wa mwisho akafariki, Songea. Wakapiga, hapatikani. Wakapiga tena, hapatikani. Habari ilimfikia siku ya tatu, kwa mdomo wa mtu aliyeshuka kwenye basi. Walikuwa wameshazika.

Bibi hakumlaumu mtu. Mimi ndiye bado nalaumu, ila kila nikitafuta wa kumlaumu simpati. Mashine? Kijana wa watu? Sheria? Hakuna aliyekosea kiasi cha kumshika shati. Kila mmoja alifanya sehemu yake, na baina ya sehemu hizo hapakuwa na mtu. Baadaye laini ikasajiliwa kwa jina la mama yangu, na mpaka leo laini ya Bibi si ya Bibi.

Turudi darasani kidogo. Kuna wataalamu wawili, DeLone na McLean, ambao mwaka 1992 waliandika namna ya kupima mafanikio ya mfumo wa habari, na kuridhika kwa mtumiaji kukiwamo. Walitaja ubora wa mfumo na ubora wa taarifa. Yaani mfumo uwe mwepesi, na unachopewa kiwe sahihi. Mwaka 2003 wakarudi wakakiri kuna kitu kimepungua, wakaongeza ubora wa huduma: yule anayekusaidia ukikwama. Iliwachukua miaka 11. Bibi alihitaji asubuhi moja tu kulijua hilo.

Na ukichukua kipimo hicho ukarudi nacho kwenye historia yetu, kila kitu kinajipanga. Chukua usajili wa vizazi wa RITA kwa watoto chini ya miaka mitano, uliozinduliwa Mbeya mwaka 2013 kwa msaada wa UNICEF na kampuni ya Tigo. Zamani mzazi alisafiri mpaka wilayani, na wengi walikata tamaa njiani. Kwenye mpango huu mama anampeleka mtoto kliniki au anakwenda ofisi ya kata, cheti kinaandikwa kwa mkono palepale, bure, na taarifa zinatumwa kwa simu makao makuu. Angalieni jambo hili: mama habonyezi chochote! Simu iko mikononi mwa muuguzi. Mama anaona sura, anauliza, anajibiwa, anaondoka na karatasi. Ni huduma ya simu, ndiyo, lakini mbele yake kuna mtu. Ni Mtu ni Afya ileile ya 1973, redio imebadilika kuwa simu.

Chukua na tozo ya miamala. Julai 15, 2021 ilianza, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Hapa hakuna aliyeulizwa abonyeze 1 au 2. Watu walijibu kwa miguu. Waliacha kutuma, wakarudi kubeba hela mfukoni na kumkabidhi dereva wa basi bahasha. Na serikali ilisikia, Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata ikaendelea kupunguzwa. Mwanauchumi Hirschman aliandika mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika ana njia ya kuondoka na njia ya kupaza sauti. Kwenye tozo tuliweza kuondoka. Kwenye laini Bibi angeondoka aende wapi? Kitambulisho ni kimoja, serikali ni moja. Asiye na pa kuondokea ndiye anayehitaji zaidi wa kumsikiliza.

Kwa hiyo hoja yangu ni ndogo. Tangu redio mpaka *152*00#, Mtanzania hajawahi kuridhika na chombo. Ameridhika na jibu. Pale huduma inapokwenda sawa, chombo kinatosha, na mimi wa Jumatano ni shahidi. Inapokwama, chombo hakina la kusema, na hapo ndipo kipimo cha kweli kinapoanza. Sasa meseji ya 1 na 2 wanatumiwa waliofanikiwa kumaliza. Aliyekwama katikati haulizwi, kwa sababu kwenye mfumo hajafika mwisho. Naona siku hizi kuna e-Mrejesho kwenye hiyo *152*00#, unapeleka malalamiko au pongezi kwa taasisi ya umma. Ni hatua, na naiombea heri. Ila tukumbuke meseji 53 za Njombe. Mlango wa malalamiko ukifunguliwa watu hutazama kwanza kama kuna mtu ndani.

Leo asubuhi nilimpigia Bibi. Anaendelea vizuri, anasema mahindi yamekubali mwaka huu. Nikamweleza habari za ile meseji, nikamuuliza, "Bibi, wewe ungebonyeza 1 au 2?"

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani nikibonyeza kuna mtu atakuja?"

Sikuwa na jibu, wadau. Akaniuliza kama nimekula, nikamwambia bado, akanigombeza.

Nyie nyumbani kwenu nani ndiye kidole cha familia? Na wazee wenu wangebonyeza ngapi? Tukikutana kantini mnisimulie. Mimi ngoja nikatafute ugali, kesho saa moja tuna diskasheni na sijagusa hata ukurasa.

Tupo pamoja.